Namna ya kupeleka kikundi Kibeho kutoka Bukavu, na kurudi bila kugombana

Nimepeleka watu Kibeho, kule Rwanda fasi Bikira Maria alitokea, mara ine kama sekretere wa shirika yetu, na kila mwaka Agosti ikikaribia simu inaanza kulia, mara mama wa Bagira, mara kijana wa chorali ya Kadutu, swali ni ile ile: sekretere, na sisi tunataka kwenda kuhiji, tuanzie wapi? Nimechoka kurudilia mambo moja kila siku mu simu, kwaiyo naandika yote hapa. Ni ya watu wenye wanapitia Ruzizi, mupaka wa Bukavu na Rwanda. Wa Goma muchukue ya karatasi na ya kule Kibeho penyewe, njia yenu ni ingine.

Naanza na kosa letu. Safari ya kwanza tulitengeneza programu ya kupendeza kabisa, siku mbili, fasi sita: Kibeho, Save, katedrali ya Huye, muze ya vitu vya zamani, Nyanza kwa mwami, Ruhango kwa Yesu wa Huruma. Kila mutu alipiga makofi kwa mukutano. Mu basi tulikuwa tunashuka mbio, sala moja, foto, pandeni pandeni tumechelewa, kisha fasi ingine. Kibeho, yenye ilitutoa nyumbani, ilipata dakika makumi tano. Tuko tunarudi usiku, papa moja muzee wa miaka kama sabini na tano akanigusa bega pole pole akaniuliza, "Sekretere, kwa Mama Bikira ilikuwa ya ngapi, ya pili ao ya tatu?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile sipeleki kikundi fasi zaidi ya tatu, na Kibeho inachukua nusu ya wakati wote, mwenye anataka kuona inchi nzima atafute safari ya watalii.

Tarehe

Kuko siku mbili zenye dunia yote inajaa pale: 28 Novemba, juu njo siku Bikira Maria alimutokea Alphonsine Mumureke mara ya kwanza mwaka 1981, na 15 Agosti, Kupalizwa Bikira Maria mbinguni. Ni siku nzuri sana, watu wanatoka Burundi, Uganda, Tanzania, Kongo, lakini munapashwa kujua utasimama mbali, utalala vibaya, na choo utaipanga mustari. Kama muko vijana, muende. Kama muko na wazee na wagonjwa, muchague siku ya katikati ya juma isiyo na sikukuu, mutakaa mbele ya sanamu mpaka mutosheke na hakuna mutu atawasukuma. Novemba tena ni mvua, Agosti ni kiangazi.

(28 Novemba kwetu huku Kivu iko na uzito ingine: siku ile mwaka 1964 njo waliuawa wale wamisionari watatu Wazaveri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin pamoja na Abe Albert Joubert, kule Baraka na Fizi. Walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Kama muko Kibeho siku hiyo muwaombe na wao, wengi hawakumbuki.)

Musichague jumamosi ya mwisho wa mwezi. Rwanda siku ile ni umuganda, asubuyi watu wote wako kwa kazi ya pamoja na njia inanyamaza mpaka karibu saa tano, basi yenu itasimama. Na kuanzia 7 Aprili wako mu juma ya kukumbuka wafu wao wa 1994, musiende na ngoma na T-shirt za rangi siku zile, muwaache na kilio chao.

Karatasi mbele ya franka

Watu wengi wanaanza kukusanya pesa. Hapana. Anza na karatasi, juu mwenye amelipa na hana karatasi atakugombanisha mpaka mwisho. Unachukua kaye moja, unaandika jina ya kila mutu sawa vile iko kwa karatasi yake ya safari, herufi kwa herufi, si vile mama yake anamuita. Safari ya pili tulikaa ku mupaka saa mbili nzima juu ya herufi moja: mama wetu kwa karti ya uchaguzi jina yake iko na M' mbele, vile wanawake wa Bushi, inchi ya Washi, wanaandikwa, kwa karatasi ya safari mwandishi aliiruka. Kwa liste yetu mimi niliandika ya tatu, ya kusikia tu kwa masikio. Watu makumi mbili na saba wanasimama kwa jua, mama analia, na kosa ni yangu mimi sekretere, si ya mutu ingine.

Kwaiyo: pasipoti ao laisepase ao karatasi ya CEPGL (jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi), ile yenye inakubaliwa wakati ule, na uende uulize wewe mwenyewe ku mupaka juma moja mbele, kisha tena siku moja mbele, pamoja na saa ya kufungua na kufunga. Musitegemee ile ilikuwa mwaka jana, huku kwetu mambo inabadirika usiku moja. Karti ya chanjo ya homa ya manjano ibebwe. Mutoto asiye na wazazi mu safari awe na barua ya ruhusa yenye saini. Padiri wenu asisahau selebreti yake, karatasi ya kuonyesha yeye ni padiri, bila ile hawezi kuomba kusoma Misa kule, na tulishawahi kuwa na padiri aliyeketi na waamini mu banki ya kanisa kama sisi wote, alicheka lakini alisikia haya. Fotokopi mbili za kila karatasi, moja kwako, moja kwa mutu wa nyuma ya basi.

Sashe! Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2008 na hawachezi. Mama moja wa chorali alileta maandazi mengi ya watu wote, kila tano tano mu sashe yake, amefunga vizuri na fundo. Tukazifungua zote pale ku mupaka, moja moja, maandazi ikamwagwa mu kikwembe chake cha kubadirisha, kile alikitoa kwa sanduku na sabuni. Tulikula maandazi ya harufu ya sabuni mpaka Nyungwe. Mufunge chakula mu sahani za kufunika, mu kitambaa, mu karatasi ya kaki.

Hesabu

Mimi nachukua watu 28. Si hesabu ya Biblia, ni viti vya basi ndogo ya Coaster, lakini inasaidia juu 28 ni saba mara ine, na nitawaambia sasa hivi saba inafanya kazi gani.

Bei siwezi kuwapa, kila mwaka ni ingine. Lakini hesabu inaenda hivi: basi kwenda na kurudi, malazi, chakula cha mara ine, ile ya mupaka, sadaka ya Misa, dawa na ya haraka. Unajumlisha, kisha unagawanya kwa 25, si kwa 28. Wale watatu ni wale hawatamaliza kulipa, na wako siku zote, usijidanganye. Kama wote wamelipa, ile inabaki inarudishwa mbele ya watu. Mulipe mara tatu, na tarehe ya mwisho iwe wiki mbili mbele ya safari. Dola ziwe noti nzuri isiyopasuka, na franka ya Rwanda kidogo kila mutu awe nayo kwa chai na choo cha njiani, usibadirishe mukononi mwa kijana anayekukimbilia.

Basi: sisi tunapita mupaka kwa miguu na gari inatungojea ng'ambo, ya Kamembe. Gari ya Kongo inaweza kupita, lakini karatasi za gari na asiranse (bima) zinakula asubuyi nzima, tena shofa wetu hajazoea kamera za kule, mwendo wao ni pole pole na amende (faini) ni ya kweli. Shofa wa kule anajua. Muandike naye mapatano, saa, fasi, nani analipa malazi yake. Mwaka moja ajansi moja ilitutumia gari ya viti 18 na tukatumia wengine kwa taksi, sababu tulipatana kwa mudomo.

Zoezi ya jumamosi

Hii naona hakuna mwenye anaifanya na ni ya bure. Jumamosi mbele ya safari kikundi chote kinakutana Nyawera, hapa Bukavu, saa kumi na mbili ya asubuyi, tunatembea kwa miguu mpaka katedrali, Notre-Dame de la Paix, tunasali kwa kaburi ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Aliuawa pale pale mu mji wetu tarehe 29 Oktoba 1996. Watu wanavuka inchi kutafuta fasi takatifu na hawajasimama hata mara moja kwa kaburi ya muchungaji wao mwenyewe, mimi inaniuma. Lakini pia ni mutego wangu: siku ile naona nani anachelewa, nani miguu inamuuma na hasemi, nani na nani hawasemeshane. Kisha napanga viti.

Na siku ile njo nagawa watu saba saba. Marie Claire Mukangango, moja ya wale wasichana watatu walioona Bikira Maria kule Kibeho, njo alifundisha watu tena Rozari ya Mateso Saba, ile ya zamani iliyosahauliwa: mafungu saba, kila fungu Salamu Maria saba, unabii wa Simeoni, kukimbilia Misri, kupotea kwa Yesu Yerusalemu, kukutana naye akibeba musalaba, kufa kwake, kushushwa, kuzikwa. Kila mutu kwa kikundi cha saba anapewa teso moja, njo yake, ataiongoza mu basi na kule. Hata mama asiyejua kusoma anaishika kwa kichwa mu wiki moja. Na ku mupaka siulizi "tuko wote?" juu wote watasema ndiyo, nauliza "Simeoni iko? Misri iko?" na mara moja tunajua nani amepotea. Mwaka jana Yerusalemu ndiye alipotea, kama Yesu mwenyewe, alikuwa ananunua unité ya simu.

Njiani

Saa ni moja na ya kwetu, musijichanganye, mwenye anatoka Kinshasa njo anapashwa kusukuma saa yake mbele. Kutoka Kamembe mpaka Huye ni kama kilometa 150, lami nzuri, lakini kona! Nyungwe ni kona tu. Wenye kutapika wakae mbele, watafune tangawizi, wasikule sambaza ya kukaanga asubuyi, namna hii najua kwa nini naandika. Mubebe nguo za baridi hata kama Bukavu kuko jua. Ni pori la serikali, tangu 2023 liko kwa liste ya UNESCO, hamusimame popote munapotaka na hamurushie kima chakula.

Fasi moja mwambie shofa apunguze: kule juu njo mugongo wenye unagawanya maji. Mvua ikianguka upande huu inateremka mpaka muto Kongo na bahari ya Atlantiki, ikianguka upande ule inaenda Nil mpaka Misri. Mimi nafanya fungu la Misri lisaliwe pale. Ni muchezo wangu tu, lakini watu wanapenda, na mwenye alikuwa anatapika anasahau.

Baada ya Kitabi na mashamba ya chai munateremka Nyamagabe, kisha Huye, kisha njia ya kusini mpaka Kibeho. Sisi tunapita Huye bila kusimama siku ya kwanza. Tunaiweka ya kurudi.

Kule Kibeho

Mukifika mutashuka mumechoka, na kila mutu atataka kukimbia mbele ya sanamu na simu. Apana. Malazi kwanza (nyumba za masista na nyumba ndogo za wageni, unaandikisha mapema sana, miezi si siku), maji usoni, chai, kisha dakika kumi ya kuelezea. Kama hamuelezi, watu wanaona kanisa na majengo ya shule, wanauliza "njo hii?"

Nawaelezea hivi. Shule ya wasichana, jumamosi, saa sita na dakika 35 ya mchana, wako mu refektwari, Alphonsine ni mupya pale, ana miaka 16, anagawia wenzake chakula. Anasikia sauti inamuita mwanangu. Anatoka mu koridoo, anaona mwanamuke, anauliza wewe ni nani, anajibiwa "Ndi Nyina wa Jambo", mimi ni Mama wa Neno. Wenzake wakamucheka, masista wakamwona mugonjwa. Na mwenye alimucheka kwa nguvu zaidi ni huyu Marie Claire, kisha 2 Machi 1982 na yeye akaona. Hapo vijana wangu mu basi wananyamaza, kila moja anajua nani alimucheka wiki iliyopita. Katikati yao alikuwa Nathalie Mukamazimpaka, kuanzia Januari 1982. Wengine wengi walisema wameona, lakini Kanisa ilikubali hawa watatu tu, Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza tarehe 29 Juni 2001, miaka karibu makumi mbili ya kuchunguza na waganga na wateolojia. Muambie watu hii mbele, juu njiani kutakuwa mutu wa kuwauzia unabii wa uongo na tarehe za mwisho wa dunia.

Namna ya kutembea: muanze na ile shapeli yenye ilikuwa zamani chumba cha kulala cha wanafunzi, ni ndogo, muingie saba saba, viatu pole pole, simu mu mufuko. Mimi naona njo roho ya Kibeho iko pale kuliko kanisa kubwa. Shule bado inasomesha, musichungulie mu madarasa. Kisha muende kwa kanisa la Mama wa Mateso, lile kubwa lililobarikiwa 2003. Misa mingi ni ya Kinyarwanda, Washi wanasikia nusu nusu, wengine mufuate kwa missel, kitabu cha Misa. Kama munataka Misa yenu ya Kiswahili, muandikie sekretaria yao kabla.

Kisha kanisa la parwasi, na hapa naomba sana. Mu Aprili 1994 watu walikimbilia ndani wakauawa ndani, na Marie Claire mwenyewe hakupona vita ile. Mwaka uliofuata, Aprili 1995, mu kambi ya wakimbizi pale pale watu wengi waliuawa tena. Mu kikundi chetu kuko watu wenye na wao wamezika, na kila mutu wa Kivu iko na maneno yake juu ya miaka ile. Nawaambia mu basi: maneno yenu muyaache mu basi, hapa tunasali ya wafu, wote, tunatoka. Hakuna selfi. Hakuna kuuliza mwenyeji "ulikuwa wapi". Hii siwezi kurefusha.

Sasa ile ya maana kuliko zote: muache saa mbili bila programu. Andika kabisa kwa karatasi: saa nane mpaka saa kumi, hakuna kitu. Komite italalamika, watasema tutapoteza wakati, padiri atataka kuweka mafundisho. Ukatae. Ile saa mbili ya bure njo nimeona kijana mwenye hakuungama miaka kumi akienda kuungama, na ndugu wawili wa shamba moja la Kabare wakakaa banki moja bila mutu kuwaita. Yule papa wa "ya ngapi" nilimurudisha mwaka uliofuata, nikamulipia mwenyewe. Alikaa kwa jiwe mbele ya kanisa saa mbili yote, kofia kwa magoti. Sikumuuliza kitu.

Kurudi

Asubuyi ya pili munakuwa na nguvu ya fasi mbili, zote upande wa Huye. Save, njo misioni ya kwanza ya Rwanda, Mapadri Weupe walifika pale 8 Februari 1900 pamoja na Askofu Hirth. Nusu saa inatosha. Kisha katedrali ya Huye, matofali mekundu, ilijengwa kukumbuka Malkia Astrid wa Ubelgiji aliyekufa 1935, njo sababu mji wote ulikuwa unaitwa Astrida na wazee wetu wenye walisoma kule mpaka leo wanasema hivyo. Nyanza ni nzuri, mwami Mutara Rudahigwa alibatizwa 1943 na mwaka 1946 akaweka inchi yake mukononi mwa Kristo Mfalme, lakini iko mbele zaidi upande wa Kigali na mupaka haikungoje. Kama muko na siku tatu muende. Kama ni mbili muache.

Maji ya kisima cha Kibeho kila mama atataka bidoni. Muwapange: bidoni moja ya lita tano kwa mutu, si ya lita makumi mbili, basi si tangi. Kama ni ya kumupa mugonjwa ama mutoto, chemsha, baraka haitoroke na moshi. Na muandike jina kwa bidoni, kwa mariker, pande mbili, mbele ya kupanda basi. Sisi hatukuandika mwaka ule wa kwanza, tukafika Nyawera usiku, giza, bidoni makumi mbili na tano za manjano zote sawa, mamaa wawili wenye walikuwa wamesali pamoja siku mbili wakaanza kuvutana moja yenye kifuniko chekundu mbele ya padiri. Mwenye aliipata mpaka leo anasema ni yake. Mwenye aliikosa pia.